Shajara ya mradi: kupima ganda la zege lililopasuka kwenye handaki la maji yenye presha

8 Februari 2025: tunachotafuta

Handaki linalopeleka maji kwenye mitambo ya umeme ni tofauti kabisa na la barabara au reli, maji yanalijaza mpaka juu na yanasukuma kuta kwenda nje, kila mita 10 za kimo ni kama bar 1. Sasa zege likivutwa ni dhaifu, hili tunalochanganya kila siku linakatika kwenye MPa 2 au 3 hivi. Chukua handaki la kipenyo cha mita 4, ganda la zege (ukuta wa zege unaovishwa ndani ya handaki) sentimita 40, maji ya bar 10 ndani, yaani MPa 1, na tuseme mwamba hausaidii kitu: presha mara nusu kipenyo gawa kwa unene unapata MPa 5. Litapasuka tu. Wasanifu wanalijua hilo na wanaweka nondo wakijua kabisa ganda litapasuka, kinachobaki ni kujua litapasukaje, na likishapasuka maji yanaenda wapi na mzigo anabeba nani.

Kuna sehemu hawaweki ganda kabisa. Kihansi yetu hapa Tanzania, kituo cha umeme wa maji, MW 180, maji yanashuka mita 850 hivi, na sehemu kubwa ya njia ya maji yenye presha kule chini ni mwamba mtupu, mwamba wenyewe ndo unabeba. Hilo linawezekana pale ambapo mgandamizo wa asili ndani ya mwamba ni mkubwa kuliko presha ya maji, la sivyo maji yanaufungua mwamba kwenye mipasuko yake na handaki linaanza kuvuja bila kikomo. Pale ambapo mwamba ni wa wastani, una mgandamizo ila wenyewe umepasukapasuka, ndo wanaweka ganda la zege lenye nondo. Mwamba ukiwa mbovu zaidi au upo karibu na uso wa ardhi, wanavisha chuma, na bei inapanda sana.

Sisi tunashughulika na hilo la katikati. Nimesoma ripoti nyingi za majaribio ya pete za zege (pete ni kipande kifupi cha ganda, kimemwagwa peke yake) na kitu kinachonisumbua ni kwamba nyingi zinapasua pete kwa mfuko wa mpira ndani, maji hayagusi zege hata kidogo, halafu namba za mvuto wa nondo zinachukuliwa kama ndo za handaki. Kwenye handaki hakuna mpira, maji yanaingia kwenye ufa. Tunataka kupima yote mawili kwenye pete ileile tuone tofauti.

Tuko watatu, mimi, mwenzangu wa maabara, na mzee wetu fundi wa kuchomelea pale Gerezani, Dar es Salaam. Naandika kila hatua ikiisha ili mwenye karakana na uvumilivu aweze kurudia.

1 Machi 2025: vipimo na kumwaga pete ya kwanza

Pete: kipenyo cha ndani mm 600, unene wa ukuta mm 80, kimo mm 500. Nondo za mm 8 zenye mbavu, mzunguko mmoja kila mm 100, kwa hiyo mm² 503 kwa kila mita ya kimo. Nondo za wima mm 8 pia, chache tu za kushikilia. Pete moja ni kama kilo 200, uwe na cheni bloki, usitegemee vijana wanne na kamba.

Shata, yaani kalibu ya kumwagia zege, tumekunja bati nene, la ndani na la nje, tukafunga na bolti ili lifunguke bila kugonga. Kokoto zisizidi mm 10 maana nafasi ni ndogo, na vaibreta ya sindano nyembamba. Maungio ya nondo tumeyatawanya, kila mzunguko unaungana sehemu tofauti na wa chini yake. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, ukiyapanga yote upande mmoja pale pana chuma mara mbili na ufa unakaa pembeni yake kila mara, unakuwa umepima maungio yako.

Shata na bolti: shilingi 480,000. Saruji, kokoto, mchanga na nondo kwa mradi mzima zilikuja kufika kama 310,000.

29 Machi 2025: mfuniko

Tulidhani zege ndo litakuwa kazi, kumbe kazi ni mfuniko.

Mpango ulikuwa rahisi, pleti mbili za chuma mm 12, moja juu moja chini, gasketi ya mpira, fito zenye uzi zinapita katikati kukaza pleti zote mbili. Tukajaza maji, tukatoa hewa kwenye koki ya juu (hewa itoke yote, hewa iliyobanwa inahifadhi nguvu nyingi na kitu kikikatika inarusha vipande, maji hayafanyi hivyo), tukaanza kupampu na ile pampu ya mkono ya mafundi bomba. Bar 1 sawa. Bar 2 pleti ya juu ikaanza kutuna katikati kwa macho kabisa na maji yakatoka pembeni pande zote.

Ukikaa chini na hesabu unaona kwa nini. Eneo la duara la mm 600 ni m² 0.283, kwenye bar 5 hiyo ni kilonyutoni 141, tani 14 zinasukuma mfuniko mmoja. Tukafikiria kuchomelea mbavu, mzee akakubali, bei ikaja juu, halafu mwenzangu akauliza kwa nini tunahitaji maji yote yale katikati. Na kweli hatuyahitaji. Presha inatakiwa iguse ukuta wa ndani wa pete, basi.

Tukamwaga kiini cha zege cha kipenyo mm 560 na kukisimamisha katikati ya pete, ikabaki nafasi ya mm 20 tu ya maji kuzunguka. Eneo linalosukuma mfuniko likawa m² 0.036, kwa bar 5 ni kilonyutoni 18, chini ya tani 2. Pleti zilezile za mm 12 zikatosha. Faida ya pili ni kwamba maji ni kidogo kwa hiyo hata nguvu iliyohifadhiwa ni ndogo. Kama unarudia kazi hii anza na kiini moja kwa moja, hiyo pekee ingetuokolea wiki kadhaa.

Jambo jingine la hapohapo: ukikaza fito sana mfuniko unashika pete kwa msuguano na haiachi itanuke, unapata presha ya kupasuka iliyo juu kuliko ya kweli. Tumepaka grisi gasketi na kukaza hadi maji yasivuje, hapo tunaacha.

Pleti, fito na gasketi: 350,000.

19 Aprili 2025: ufa mmoja

Pete ya kwanza ilipasuka karibu na bar 5, ndani ya hesabu yetu (kwa ukuta mnene kama huu mvuto wa upande wa ndani ni mara 4.3 ya presha, kwa hiyo bar 5 ni MPa 2.15). Mlio mkavu, halafu mshale wa geji ukaanguka chini ya bar 1 papo hapo. Ufa mmoja, wima, kutoka juu mpaka chini. Tukapampu kwa nguvu zote, watu wakipokezana, haikupanda tena hata bar 2.

Hapa pana somo ambalo sijaliona limeandikwa vizuri popote. Maji yanayopita kwenye ufa yanafuata upana wa ufa kwa kipeo cha tatu, yaani upana ukiwa mara mbili maji ni mara nane. Ufa wa mm 0.1, urefu nusu mita, kwenye ukuta wetu na bar 5, kwa nadharia ya kuta laini unapitisha lita 15 na zaidi kwa dakika. Wa mm 0.2 ni lita 125. Hakuna pampu ya mkono inayofika huko. Kwa hiyo ufa wa kwanza ukifunguka unamwaga presha yote, nondo zinapumzika, na nyufa nyingine hazipati nafasi ya kutokea. Ungeangalia pete ile ungesema nondo zetu zimetoa ufa mmoja mpana. Handakini nyuma kuna bwawa zima, presha haishuki kwa sababu ya ufa mmoja, na nyufa zitaendelea kutokea mpaka nondo zimalize kuzigawa.

Kwa hiyo mpira una kazi yake, kazi ya kutengeneza nyufa. Tulichofanya ni kununua shiti ya mpira mm 4, fundi wa pancha akaiunga iwe silinda, tukaivisha ndani ya pete na kuibana juu na chini kwenye gasketi. Maji yanakaa kati ya mpira na kiini, hayagusi ufa, pampu ya mkono inatosha. 185,000 pamoja na kuungwa upya, kwa sababu muungano wa kwanza ulichanika kwenye ukingo wa juu pale zege lilikuwa na makali, sasa kingo zote tunazisugua na jiwe la msasa mpaka ziwe mviringo.

10 Mei 2025: kuhesabu nyufa

Pete ya kwanza na mpira, bar 5.5: nyufa 5, wastani wa upana karibu mm 0.35, ule mpana zaidi 0.45.

Pete ya pili ni ileile ila nondo kila mm 60, mm² 838 kwa mita. Bar 5.5: nyufa 8, wastani 0.16, mpana zaidi 0.2. Tunapima kwa kadi yenye mistari na kioo cha kukuza, sehemu tatu kwa kila ufa, juu, kati na chini.

Sasa weka upana wa kila ufa kwenye kipeo cha tatu halafu jumlisha. Pete ya pili ina nyufa nyingi zaidi lakini ingevuja chini ya moja ya sita ya ile ya kwanza kwa presha ileile. Chuma kimeongezeka kwa theluthi mbili tu. Hii ndo kazi ya kweli ya nondo kwenye ganda la namna hii, kugawa ufa mmoja mpana uwe nyufa nyingi nyembamba, na nilikuwa nalijua vitabuni ila kuliona kwenye zege ulilolimwaga mwenyewe ni kitu kingine.

Angalizo kwa wanaotaka kupunguza gharama: kuna kiwango cha chini. Zege letu la mm 80 likikatika linaachia kama kilonyutoni 200 kwa kila mita, nondo lazima ziweze kubeba hizo zote peke yake bila kulegea, la sivyo zinalegea kwenye ufa wa kwanza na hakuna wa pili. Pete ya kwanza ilikuwa juu kidogo tu ya hapo.

7 Juni 2025: strein geji zinakufa

Pete ya tatu ni sawa na ya pili ila tumebandika strein geji (vipande vya foili nyembamba vinavyopima nondo inavyovutika) kwenye nondo kabla ya kumwaga, maana huko mbele tutaizungushia mwamba wa kuiga na hatutaona nyufa tena, njia pekee ya kujua nondo inavutwa kiasi gani ni hizo geji.

Seti ya kwanza imekufa yote. Kubandika kulikuwa safi, nondo zimesuguliwa, zimefutwa na asetoni, gundi ni ile ya kukauka haraka, waya zimechomelewa vizuri, zikasoma vizuri mezani. Juu tukapaka silikoni ya dukani, ile ya madirisha. Baada ya siku kadhaa kabla hata ya zege kumwagwa namba zikaanza kutembea zenyewe bila mzigo, moja baada ya nyingine. Tukafungua moja, foili ilikuwa imeliwa, ina doa la kijani kwenye maungio ya waya. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi ya siki ikiwa inakauka, na asidi ile inatafuna foili nyembamba kama ile.

Tiba: silikoni isiyonuka (kwenye mkebe imeandikwa ni ya nyutro, bei karibu mara mbili) na chini yake nta ya nyuki iliyoyeyushwa, tabaka mbili, inayopita zaidi ya geji kwa sentimita 2 kila upande, halafu waya zote zipite ndani ya mrija mpaka nje ya zege. Kabla ya kumwaga tumezamisha nondo nzima kwenye pipa la maji usiku kucha tukasoma asubuhi. Hii ya pipa ifanye kila mtu, geji iliyokufa ndani ya zege huwezi kuirudisha. Seti mbili za geji: 270,000.

12 Julai 2025: mwamba

Pete ya tatu imepasuliwa kwanza ikiwa peke yake na mpira, nyufa 8, ramani yake ipo kwenye daftari na kila ufa una namba. Tukisoma geji kwenye bar 3 baada ya kupasuka, nondo zinavutika kama maikrostrein 420, yaani mm 0.42 kwa kila mita ya nondo. Presha ikitolewa nyufa zinarudi ila hazifungi kabisa, zimebaki karibu mm 0.06.

Kisha tumeiweka katikati ya silinda ya chuma ya mm 6, kipenyo cha mm 1,160, na nafasi ya katikati, mm 200 pande zote, tunajaza zege lisilo na mchanga, kokoto na uji wa saruji tu. Zege hilo linapitisha maji kama mwamba uliochanika, linabeba mgandamizo, na linasinyaa kidogo kuliko la kawaida kwa hiyo halijitengi sana na pete. Silinda ina koki kuzunguka, juu na chini, ukizifungua zote maji yanatoka bure, ukizifunga mwamba unajaa. Kila koki ina mahali pa kufunga geji ya presha. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatosha ukiikata vipande viwili, jumla na kukunja na kuchomelea 720,000.

Mwamba wa kwanza tumeuvunja na kuutupa. Ulikuwa saruji 1 kwa kokoto 8 lakini maji yalizidi, uji ukateremka taratibu ukiwa haujakauka na kujaa chini, koki za juu zilitoa maji mengi na za chini hazikutoa hata tone. Sentimita kama 12 za chini zilikuwa zimeziba kabisa. Mara ya pili tumepunguza maji mpaka 0.40 ya uzito wa saruji, ukishika konzi kokoto zinang'aa zimefunikwa lakini mkono haubaki na uji unaodondoka. Tumejaza kwa tabaka na kushindilia na fito kidogo tu, vaibreta hapana, vaibreta inateremsha uji vilevile.

9 Agosti 2025: pampu, na mfuniko tena

Kwa maji ya moja kwa moja pampu ya mkono imeisha kazi. Tumenunua pampu ya umeme ya hp 2 inayofika bar 6, tenki la lita 1,000 tuliazima, maji yanayovuja yanarudi tenkini kupitia chujio. Pampu 620,000, mabomba na koki na geji 240,000.

Koki zote zikiwa wazi tukapanda mpaka bar 3 vizuri. Tukashuka, tukafunga koki zote, tukaanza upya, na kwenye bar 1 tu mfuniko ukanyanyuka ukingo wa nje na maji yakaruka mduara mzima. Tukazima.

Sababu yake inafaa kueleweka na yeyote atakayejenga kitu cha namna hii. Koki zikiwa wazi presha iko kwenye ule mduara mwembamba wa mm 20 tu. Ukizifunga, maji yanajaa kwenye matundu ya mwamba mzima na presha inasukuma mfuniko kutoka kwenye kiini mpaka kwenye silinda ya nje, m² 0.81. Bar 1 ni tani 8. Bar 3 ni kama tani 25. Mfuniko uliokadiriwa kwa tani 2 hauwezi. Na hicho ndo kinachotokea kwenye mlima pia, maji yakipita ganda eneo linalosukumwa linaongezeka, ndo maana wanaangalia uzito wa mwamba ulio juu ya handaki na wanaangalia mgandamizo wake mdogo kabisa kabla ya kukubali ganda linalovuja.

Mfuniko mpya: pleti ya unene uleule lakini pana, mbavu nane zimechomelewa kama miale, na fito 16 za M20 kuzunguka nje ya silinda. 560,000. Na tumejiwekea ukomo, koki zikiwa zimefungwa hatupiti bar 3, na hakuna mtu kusimama juu au kuinama juu ya mfuniko wakati pampu inazunguka.

6 Septemba 2025: namba tulizozifuata

Zote ni pete ya tatu, bar 3 ndani, mvuto wa wastani kwenye nondo.

Peke yake na mpira, kama nilivyosema, maikrostrein 420.
Ndani ya mwamba, mpira bado upo: 110.
Ndani ya mwamba, mpira umetolewa, koki wazi: 95, na maji yanayovuja lita 9 kwa dakika.
Ndani ya mwamba, bila mpira, koki zimefungwa: geji ya presha ya nje ilipanda taratibu mpaka ikalingana na ya ndani, kuvuja kukaisha, na nondo zikasoma chini ya sifuri, yaani zinabanwa kidogo.

Tumerudia hiyo ya mwisho mpaka tukaridhika kwamba sio strein geji zimeharibika. Presha ya ndani ni ileile, nondo ni zilezile, lakini mzigo kwenye nondo umetoka 420 mpaka hakuna kitu. Maji yakishalipita ganda na kulizunguka nyuma, ganda halina tena tofauti ya presha ya kubeba, mwamba (kwetu ni silinda ya chuma) unabeba kila kitu. Tukifungua koki nusu, geji ya nje ikawa bar 1.5 na nondo zikakaa katikati. Kwa hiyo kiasi cha kuvuja na mvuto wa nondo vyote viwili vinaamuliwa na uwiano kati ya ugumu wa maji kupita kwenye nyufa na ugumu wa maji kupita kwenye mwamba, huwezi kupima kimoja ukasahau kingine.

Ndo maana kabla ya kusanifu wanachimba visima vya majaribio na kusukuma maji kwenye mwamba, kile kipimo cha Lugeon, lita moja kwa dakika kwa kila mita ya kisima kwenye bar 10, kimekuwepo tangu 1933. Na ndo maana wanadunga saruji kwenye mwamba kuzunguka ganda. Ukiziba mwamba maji yanakaa nyuma ya ganda, ganda linapumzika, kuvuja kunapungua. Ukijaribu kuziba ganda tu huku mwamba nyuma unamwaga, umerudisha mzigo wote kwenye ganda.

Lita 9 ni chini ya theluthi moja ya hesabu ya kuta laini kwa upana tunaoukadiria (mm 0.075 hivi). Ufa wa zege una kokoto na kona, maji hayapiti kirahisi kama kati ya vioo viwili. Anayetumia ile fomula bila kuipunguza atapata namba kubwa mno.

4 Oktoba 2025: ufa unajiziba, halafu unafunguka

Tumeacha pampu izunguke bar 3, koki wazi, tukisoma asubuhi na jioni. Ndani ya wiki lita 9 zilishuka mpaka 3. Midomo ya koki ikawa na ukoko mweupe. Hilo linajulikana, chokaa ya saruji inayeyuka, inakutana na hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwenye maji na kuganda kama chokaa ngumu ndani ya ufa, pamoja na vumbi linaloziba.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika, presha ikashuka mpaka sifuri na kurudi mara kadhaa kabla hatujafika. Asubuhi tulikuta lita 6. Haikuwa kwenye mpango lakini tukaifanya iwe mpango, tukapandisha na kushusha kwa makusudi kati ya 0 na 3, na kila mzunguko wa mwanzo ulifungua kidogo kisha ikatulia karibu na 6. Ukoko unavunjika ufa ukipumua. Mitambo ya umeme inawashwa na kuzimwa, presha handakini inapanda na kushuka kila siku, kwa hiyo mtu akikuletea kipimo cha kujiziba kilichofanywa kwa presha iliyotulia muulize kwanza hilo.

Jaribio moja zaidi la hapohapo, kumwaga maji ya ndani haraka. Tukajaza mwamba bar 3, koki zimefungwa, tukafungua ya ndani ghafla. Geji ya nje ilibaki juu kwa dakika kadhaa wakati ndani ni sifuri, ganda linasukumwa kwenda ndani na maji yakawa yanatiririka kwa nyufa kurudi. Pete yetu ni fupi na nene, imevumilia, ila kipande chembamba cha zege kando ya ufa namba 3 kilibanduka kwa ndani. Handaki likimwagwa kwa ukaguzi litolewe maji polepole, mwamba upate muda wa kushusha presha yake.

22 Novemba 2025: kuikata

Kabla ya kubomoa tumepitisha maji yenye pamanganeti kwa presha ndogo, tukaacha, kisha tukakata pete na mwamba kwa diski. Rangi ya zambarau ipo kwenye nyufa zote 8, kwenye mwamba imetawanyika upana wa kiganja mbele ya kila ufa halafu inafifia. Nyufa sita zimepita kwenye mizunguko ya nondo moja kwa moja. Mbili zimekengeuka pale zilipokutana na maungio, zikafuata mwisho wa nondo iliyounganishwa kabla ya kuendelea juu, na hapo ndo kulikuwa na ukoko mweupe mwingi kuliko sehemu nyingine. Kwenye nondo zenyewe kuna kutu ya rangi ya machungwa ya upana wa mm chache kila palipo na ufa, baada ya muda mfupi hivi. Hilo tutalifuatilia, kwa sababu maji yetu yalikuwa yanazunguka na hewa tenkini muda wote na ya handakini hayapati hewa kiasi hicho.

Gharama yote pamoja na usafiri na ufundi imefika milioni 4.1 hivi, na ukianza na kiini, mfuniko wa mbavu na silikoni sahihi toka siku ya kwanza unaweza kukata karibu milioni moja. Silinda, pampu na mifuniko vipo, vimepakwa grisi. Pete ya nne inamwagwa Januari, nondo kila mm 60 tena, safari hii tunadunga saruji nyuma ya ganda kwa presha kabla ya kuingiza maji, na mwamba tunaugawa nusu mbili, nusu inapitisha maji na nusu haipitishi, kwa sababu hakuna mlima ulio sawa pande zote.